Saa Yenye Mmiliki Mmoja

Nchi ya Salamani inaongoza duniani kwa usalama wa kununua vitu vilivyotumika mtandaoni. Maneno hayo yameandikwa kwenye bango kubwa pale uwanja wa ndege, na msafiri aliyewahi kuuliza utafiti huo ulifanywa na nani alipigwa palepale chini ya bango mpaka akauamini. Mimi sina sababu ya kubisha. Meno yangu bado yote yamo kinywani na nayahitaji kwa kula.

Zamani, wananchi wa Salamani walikuwa wakiuziana kienyeji. Mmoja ana simu, mwingine ana pesa, wanaahidiana kukutana nyuma ya soko. Baadaye mmoja anarudi nyumbani na simu na pesa, na mwingine anaokotwa mtaroni kichwa kimepasuliwa kwa nondo. Serikali iliumia sana kwa jambo hilo. Mtukufu Mlezi wa Taifa alilia kwenye runinga, akajifuta machozi kwa bendera, akatangaza kwamba kuanzia siku ile raia wa Salamani hatapigwa tena na wahuni. Atapigwa na wataalamu.

Basi ikaundwa Idara ya Ununuzi Salama, ikapewa jengo la machinjio ya zamani. Jengo lilifaa kweli. Sakafu ilikuwa na mteremko, katikati kulikuwa na mfereji wa maji, na kulabu za kutundikia nyama bado zilining'inia darini, kwa hiyo serikali haikulazimika kuongeza kitu isipokuwa picha ya Mtukufu Mlezi. Ukiona kitu unachokitaka kwenye Soko la Kiganjani, ambalo ndilo soko pekee lililoruhusiwa kwenye simu za nchi hiyo, huruhusiwi kukutana na muuzaji popote ila machinjioni. Ukikutana naye kwingine, wewe ni mhujumu uchumi.

*

Sikudhani, fundi wa mapazia, aliiona saa ile asubuhi moja akiwa na pini mdomoni. Alikuwa akipitisha kidole kwenye simu, kama alivyofanya kila siku tangu mumewe achukuliwe, akitazama viatu vya watu, mikanda ya watu, miwani ya watu. Kila mtu mtaani alijua bidhaa hizo zinatoka wapi, na kila mtu alijua kutojua.

Tangazo lilisema: "Saa ya kiume. Imetumika vizuri. Mmiliki mmoja tu. Haina mgogoro."

Akaikuza picha. Namba nne ilikuwa nyekundu.

Pini zilimdondoka zote. Namba nne ya saa ya Mwalimu Tamimu ilibanduka mwaka ule walipooana, na yeye Sikudhani ndiye aliyeichora upya kwa rangi yake ya kucha. Hakuna kiwanda duniani kinachotengeneza saa yenye nne nyekundu iliyopinda namna ile. Akaishika simu kwa mikono miwili, akalia, tena kwa sauti, mpaka mteja aliyekuja kuchukua pazia la sebuleni akarudi zake bila pazia.

Tamimu alikuwa mwalimu wa hesabu. Kosa lake lilikuwa hili: Mtukufu Mlezi alipotembelea shule yao na kuhutubia kuanzia asubuhi mpaka watoto wakaanza kuanguka kwa jua, mwalimu wa zamu alitazama saa yake, maana yeye ndiye mwenye kengele. Akaonekana. Walimtoa mstarini kwa kumburuta miguu, kichwa kikigonga ngazi moja baada ya nyingine, na bendi ya shule ikaamriwa ipige wimbo wenye ngoma nyingi.

Sikudhani alimtafuta kila mahali penye mlango wa chuma. Kila mahali alijibiwa kwa heshima kubwa. "Bibie, Salamani haijamkamata mtu. Salamani haina wafungwa. Hivyo mumeo hawezi kuwa ndani, kwa sababu hakuna ndani." Walipomjibu hivyo walimpiga kofi moja la kumsindikiza.

Alipomaliza kulia, akaandika kwenye simu: "Bado ipo?"

Muuzaji akajibu upesi: "Ipo, mama. Njoo machinjio."

*

"Umerukwa na akili, shoga yangu," alisema jirani yake, Mama Nyawenda, mwanamke mnene mwenye kuuza supu ya kongoro, ambaye sikio lake moja lilikuwa limechanika tangu siku aliponunua jiko la gesi kwa usalama. "Kwa saa? Mimi nilikwenda kwa jiko, na jiko linapika. Saa itakupikia nini?"

"Ni ya Tamimu."

Mama Nyawenda akaacha kukoroga. "Ukishaipata utafanya nini? Utailaza kitandani?"

"Dada, wewe ulipokuwa kule, ulizisoma zile Kanuni zilizoandikwa ukutani?"

"Nitasoma saa ngapi, nami nimelala chini na kiatu cha askari kiko shingoni?"

"Ya nne inasemaje?"

"Sikufika ya nne. Hakuna anayefika ya nne. Ukifika ya pili tu unaomba uondoke na kitu chako au bila kitu chako."

Sikudhani alikuwa ameisoma ya nne kwenye gazeti, siku Kanuni zilipozinduliwa. Kanuni ya Kwanza: muuzaji apigwe, ili nia mbaya kama ipo imtoke. Kanuni ya Pili: mnunuzi naye apigwe, ili muuzaji asijione ameonewa. Kanuni ya Tatu: bidhaa ikaguliwe. Na Kanuni ya Nne, iliyoongezwa na wafadhili wa kigeni ambao hawakuwahi kuona hizo tatu za mwanzo, ilisema mnunuzi akitaka, mmiliki wa awali ataletwa yeye mwenyewe kwa miguu yake, athibitishe kwamba kitu hicho alikitoa kwa hiari, kisha aende zake nyumbani kwa amani.

"Watalazimika kumleta," alisema Sikudhani. "Kwa miguu yake."

"Watakuua wewe kwanza."

"Sio Alhamisi. Redio imesema Alhamisi wageni wa kutoa tuzo ya ununuzi salama wanakuja kukagua machinjio."

Mama Nyawenda akamjazia bakuli la supu mpaka juu. "Kunywa yote," alisema. "Mwenye njaa huzimia mapema, na ukizimia kabla ya ya nne umepigwa bure."

*

Alhamisi machinjio yalinukia maua. Wageni wa tuzo, watu wazima watatu wenye kofia za jua, walikaa nyuma ya kioo kinene wakinywa juisi ya ukwaju. Sauti haikupita kwenye kioo. Pembeni yao alisimama Mkurugenzi wa Idara, Kanali Daktari Shindo, mtu mfupi mwenye medali mpaka kwenye mkanda, ambaye udaktari wake aliupata kwa kuandika sifa za Mtukufu Mlezi na kuzikariri bila kutazama.

Mbele ya Sikudhani kulikuwa na wawili wanaouziana chupa ya chai. Muuzaji alikuwa amesahau kuleta kifuniko. Kwa kuwa bidhaa haikulingana na picha, walimpiga kwa chupa yenyewe mpaka chupa ikabonyea, na kwa kuwa sasa chupa ilikuwa imebonyea na hailingani na picha hata kidogo, wakampiga tena. Alipoacha kusogea, karani akaandika kwamba muuzaji amejiondoa sokoni. Mnunuzi akakabidhiwa chupa na kupongezwa.

"Wanafanya nini wale?" aliuliza mgeni mmoja nyuma ya kioo.

"Wanaafikiana bei," alisema Kanali.

Zamu ya Sikudhani ikafika. Muuzaji wa saa alikuwa Koplo Gogo, askari wa mahali pasipokuwepo. Alikuja akitabasamu, kwa kuwa wapigaji wote walikuwa wenzake wa bwenini, na alitegemea wampapase tu kidogo kwa ajili ya taratibu. Alisahau jambo moja. Wenzake walikuwa wameliona lile tangazo, na hakuna hata mmoja aliyegawiwa.

"Kanuni ya Kwanza!" aliita karani.

Walimpiga Koplo Gogo kwa mapenzi makubwa. Walimpiga kwa ajili ya saa, wakampiga kwa ajili ya viatu alivyouza mwezi uliopita, na mmoja alimpiga kwa ajili ya blanketi lake mwenyewe lililopotea. Damu ikafuata mteremko mpaka mfereji, kama mafundi wa zamani walivyopanga. Koplo akaita jina la mama yake, kisha akaita cheo chake, lakini havikusaidia.

"Kanuni ya Pili!"

Kwa mwanamke walitumia mpira wa bomba, ambao Idara iliununua maalumu kwa kuheshimu jinsia. Sikudhani alipigwa mgongoni, akapigwa miguuni, akapiga magoti na kuhesabu vigae vya sakafu ili asizimie. Alitaka kutukana. Alitaka kuuma mtu. Zaidi ya yote alikuwa na hofu, hofu ya kweli inayokausha ulimi, kwamba atanyamaza kama wengine na kuondoka. Ubavu mmoja ukalia ndani yake kama kijiti kinachovunjika. Akaimeza supu iliyotaka kurudi.

"Kanuni ya Tatu. Saa inatembea, ina mkanda, ina kioo. Mama, chukua saa yako, gonga dole gumba hapa, kwa heri."

Sikudhani akainuka kwa kushika meza. Akageukia kioo, akainua vidole vinne juu wageni wavione, na akapaza sauti ingawa alijua haipiti.

"Nataka ya nne."

*

Karani akageuka kutazama ukutani, kuhakikisha kwamba kweli ipo ya nne.

Wageni wakaona vile vidole vinne. Wakaulizana. Mmoja, ambaye ndiye aliyeiandika Kanuni hiyo kwa mkono wake katika ofisi yenye kiyoyozi, akatabasamu kwa furaha na kuchomoa kamera. "Anaomba mmiliki wa awali!" alisema. "Hatujawahi kuiona ikitumika!"

Kanali Shindo akatoka nyuma ya kioo, akafunga mlango vizuri, akaendelea kutabasamu kwa upande wa uso ulioelekea kwa wageni.

"Koplo," alinong'ona, "mwenye saa yuko wapi?"

Koplo Gogo alikuwa chini. "Afande," alisema kwa mdomo uliovimba, "mwenye saa ali..."

Kanali akamkanyaga vidole. "Angalia sana neno utakalosema. Nani amewahi kufa mikononi mwa dola ya Salamani?"

"Hakuna, afande."

"Mtukufu Mlezi alisema nini mwaka juzi?"

"Kwamba hakuna aliyekufa, hakuna anayekufa, na hakuna atakayekufa, afande."

"Basi kama hajafa yuko hai. Na kama yuko hai, ana miguu. Nendeni mkalete mtu mwenye miguu," aliwaambia wapigaji.

Sikudhani hakuyasikia hayo. Alikuwa amesimama mbali, akijishika ubavu, macho kwenye mlango wa chuma ulio nyuma ya kulabu. Aliwaona tu wakiondoka mbio. Alijifunga kanga vizuri. Akajifuta damu ya mdomoni kwa pindo la ndani, asije Tamimu akamwona hivyo akaanzisha ugomvi na watu wenye bunduki. Alijua angeanzisha.

Mlango ukafunguliwa. Akasukumwa mtu ndani.

Alikuwa mfupi. Tamimu alikuwa mrefu kiasi cha kuinama mlangoni kwao. Huyu alikuwa kijana, jicho moja limeziba, kucha za mkono wa kushoto hazipo, na shati alilovalishwa sasa hivi bado lilikuwa na mikunjo ya dukani. Wakamvisha saa. Ikamteleza mpaka kwenye kiwiko.

"Jina lako," alisema Kanali kwa sauti ya mbele ya watu, mlango wa kioo ukiwa sasa wazi.

"Tamimu. Mwalimu wa hesabu."

"Saa uliitoa kwa hiari?"

"Kwa hiari."

"Na huyu bibi ni nani?"

Kanali aliliuliza hilo kwa kunogesha tu. Hakutegemea jibu. Lakini yule kijana akamgeukia Sikudhani kwa jicho lake zima, akasema bila kusita, kama mtoto anayesoma jedwali la kuzidisha: "Ni mke wangu, Sikudhani. Anashona mapazia. Nyumba yetu ina mlango wa kijani. Namba nne ya saa ilibanduka, akaichora kwa rangi ya kucha, na siku hiyo tukagombana kwa kuwa nilisema imepinda. Ni kweli ilipinda. Hakuniandalia chakula mpaka niliposema imenyooka."

Maneno hayo hayakuwahi kutoka nje ya mlango wa kijani.

Wageni wakapiga makofi. Kanali, ambaye alishangaa kuliko wote, alipata nguvu. "Mama, ndiye huyu? Sema wageni wasikie. Kama siye, basi ni mmiliki bandia, na mmiliki bandia adhabu yake ipo." Akatupa jicho darini, kwenye kulabu moja iliyosafishwa karibuni.

Angeweza kupiga kelele. Angeweza kuwaambia wale wenye kofia za jua kwamba huyu si mume wangu, niletewe mume wangu, na kamera ilikuwa imewashwa. Alikuja kwa ajili hiyo na amelipia kwa ubavu. Kijana yule hakumwomba kwa neno wala kwa jicho. Alisubiri tu, kama mwanafunzi aliyekwisha kujibu.

"Ndiye," alisema Sikudhani.

"Mbona unalia?"

"Amekonda, mheshimiwa."

*

Kanali Shindo alitoa hotuba ndefu. Alisema dunia nzima ije ijifunze Salamani, ambako mnunuzi ameridhika, muuzaji ameridhika, na mmiliki wa awali anakwenda nyumbani na mkewe. Muuzaji alikuwa bado kifudifudi na hakupinga. Wageni walifurahi hivi kwamba tuzo ilitolewa papo hapo, na Kanali, akiwa amelewa sifa, akatamka mbele ya kamera kwamba tangu leo Kanuni ya Nne ni ya lazima kwa kila biashara, aitake mnunuzi asiitake.

Sikudhani na yule kijana walitembea wakiegemeana mpaka machinjio yakapotea nyuma ya ghala za saruji. Ndipo kijana akautoa mkono wake begani kwa Sikudhani, kwa adabu.

"Nisamehe, shemeji," alisema. "Mimi naitwa Bahame. Nilikuwa fundi wa redio."

"Yuko wapi?"

Bahame akaivua saa, akampa. "Walimvunja mbavu, shemeji. Zikamchoma ndani. Alijua haponi. Ndipo akamwita koplo, akampa hii saa mwenyewe, kwa mkono wake. Alisema koplo ataiuza, na kwamba wewe utaiona, na kwamba wewe husoma kila kitu mpaka chini."

Sikudhani alikaa chini kwenye vumbi. Alimlilia mumewe pale pale barabarani, akajipiga kifua upande usiovunjika, akamtukana Tamimu kwa kufa, akamtukana kwa akili zake nyingi. Bahame akasimama akimkinga na jua. Watu walipita upande wa pili wa barabara, wakijua kutojua.

"Alikufundisha wewe majibu," alisema hatimaye.

"Hakujua wangemtoa nani. Alitufundisha sote." Bahame akajifuta jicho. "Alitupanga mistari kama darasa. Mlango wa kijani, mapazia, rangi ya kucha. Aliyekosea alirudia. Alikata roho tukikariri, shemeji. Mle ndani chumba kizima kinakujua kwa jina."

Sikudhani akanyanyua uso. "Sasa wewe umetoka. Wameandika kwamba Tamimu ametoka."

"Watamwandikaje kutoka," alisema Bahame, "na hawakumwandika kuingia?"

"Basi Tamimu anaweza kutoka tena," alisema Sikudhani. Akainuka taratibu, mkono ubavuni.

Nyumbani, Mama Nyawenda alimfunga kifua kwa kitambaa cha pazia, akamlisha Bahame mpaka akasinzia na kijiko mkononi, asiulize lolote. Sikudhani akaiweka saa juu ya cherehani, penye mwanga mzuri, akaipiga picha, namba nne ikionekana. Akaandika: "Saa ya kiume. Imetumika vizuri. Mmiliki mmoja tu."

Hakukaa sana. Ujumbe ukaingia kutoka kwa mwanamke asiyemjua, aliyeweka picha ya mwanawe akiwa amevaa joho la kuhitimu.

"Bado ipo?"

"Ipo, mama," aliandika Sikudhani. "Njoo machinjio. Kunywa supu kwanza."

Kisha akaanza kuvua hereni, moja baada ya nyingine, kwa kuwa safari hii muuzaji ni yeye.